Safu ya Maoni

Mizani ya bandari ya Kigoma ilikuwa na karani,
na karani alikuwa na daftari la safu tano:
tarehe, behewa, mzigo, ratili, maoni.
Safu ya tano ilikaa tupu miaka kumi na mmoja.
Nani aliajiriwa awe na maoni?

Karani ni babu yangu, Ntibamenya.
Kwa Kiha: hawajui.
Jina lilitangulia, kazi ikaja kulivaa.

Mapipa yalivuka ziwa na meli ya Wabelgiji,
mafupi, hayafiki goti, yamepigwa lakiri.
Shaba ina jina. Pamba ina jina.
Haya yalikuwa na uzito tu,
uzito wa mtoto aliyeshalala
unapompokea kutoka mgongoni kwa mamaye.
Feruzi alibeba. Sumaili alibeba.
Mwilambwe alibeba mawili kwa mashindano,
akachekwa, akacheka.

Usiku wa tarehe tisa
taa ikaja kutoka upande wa Kongo.
Si karabai ya wavuvi; ile hucheza na maji.
Hii ilikuja juu, bapa,
rangi ya yai likimulikwa,
ikasimama juu ya behewa la tatu
muda wa mtu kumaliza sigara.
Mbwa wa mlinzi hakubweka. Aliketi, akatazama.
Kisha ikaondoka bila kupita katikati:
ilikuwa hapa, halafu ilikuwa nyota.

Babu akachovya kalamu.
*Taa. Haina sauti. Saa nane kasorobo.*

Asubuhi stesheni masta akakata kwa wino mwekundu,
juu yake akaandika: *Mwezi*.
"Bwana," babu akasema kwa adabu, "mwezi umekufa juzi."
Akakatwa shilingi tatu kwa ajili ya mwezi huo.

Ujiji walisema jini. Padre alisema Zuhura.
Wakaja wageni wawili wa kaptura
na kisanduku kinacholia tik, tik-tik,
kama mende ndani ya karatasi:
Ilikuwa na upana gani? Ilielekea wapi?
Ilikuwa na watu?
Mwaka jana kaja kijana kutoka Dar, kamera shingoni,
kaniuliza yaleyale, kwa mpangilio uleule.

Hakuna aliyeuliza juu ya mabega.
Feruzi, bega la kulia, ngozi ikamenyeka
kama kiazi kilichopita moto.
Sumaili alianza kukohoa kabla ya masika,
masika hakuyamaliza.
Mwilambwe alirudi ng'ambo. Ng'ambo wanasema hakufika.

Labda si mapipa. Labda tumbaku, labda njaa,
labda ile taa yenyewe.
Mimi ni wa ukoo wa Hawajui.
Ila usiku mwingine nawaza:
kitu kimetoka mbali namna ile,
kikasimama juu ya behewa,
kikaona kilichomo,
kikaona heri kiende zake.

Mizani ingali ipo. Tuliinunua kwa bei ya chuma chakavu;
mama mdogo Nyabenda anapimia dagaa, Kibirizi.
Ukishusha gunia, mshale haurudi sifuri.
Unabaki juu kidogo, ratili moja na ushei,
na sahani tupu.
Wateja hugomba kila siku.
Nyabenda anaifuta kwa upindo wa kanga,
anaigonga ubavuni,
anawaambia: basi, toeni wenyewe.