Mwezi Gani

Saa nne usiku, Nkuhungu. Umeme umerudi.
Kutwa nimepanga mafaili ya viwanja pale masjala,
jalada la kijani, jalada la kaki, kamba na namba,
na sasa, bila mshahara, napanga tena.

Makala mia mbili na kumi zimelala nje.
Hazina jamii. Ndivyo tusemavyo sisi
wa kamusi elezo hii ya watu wote:
makala isiyo na fungu haina jamii,
kama mtoto aliyeshushwa stendi
na jina lake kwenye karatasi, kifuani.

Naziita. Chipanga, ingia kwenye Kata.
Zanka, Mtitaa, Lamaiti, Babayu, nanyi piteni.
Uwele: Nafaka. Zeze: Ala za Muziki.
Mlenda: Mboga. Kuna mtu wa pwani
aliuweka kwenye Magugu. Nimemsamehe. Hajala.
Kisandawe nilikikuta kimelazwa na lugha za Kibantu;
nikakitoa polepole, kama unavyomwamsha mgeni
kwenye kitanda kisicho chake,
nikakipa chumba, na mlango wa kufunga.

Nyingine ni sentensi mbili tu.
Hizo huitwa mbegu.
Aliyezipa jina hilo sijui kama alishalima Dodoma,
akapanda Desemba, akapanda tena Januari,
jua likala nusu, panya nusu.

Kisha Bahi. Siyo mji, siyo stesheni:
lile bapa la maji kule chini ya bonde.
Nikaandika, Jamii: Maziwa. Nikahifadhi.
Dakika sita, mtu ajiitaye Mkulima wa Haubi
kaondoa. "Ziwa gani? Nimepita Oktoba na pikipiki,
vumbi mpaka kwenye meno." Akaweka: Mbuga.
Nikarudisha. Akaondoa.
Akazuka wa tatu, Yudita Chiloleti,
akaweka Mashamba ya Mpunga, akaenda zake.
Nikarudisha tena, na maneno yenye pilipili
ambayo historia ya ukurasa imeyatunza,
tarehe, saa, na jina langu mbele.

Masjala sijawahi kugombana na faili.
Faili moja, rafu moja. Likipotea najibu mimi.

Nikampigia shangazi Foibe,
aliyeuza kambale wa Bahi miaka kumi na minane,
na kabla ya hapo akikwangua chumvi, hapohapo.
Shangazi, lile la Bahi ni ziwa au ni mbuga?
Kikohozi. Redio. Mbuzi.
"Unauliza mwezi gani?"

Nikanyamaza. Akaendelea, maana salio lilikuwa langu:
Machi alivuka kwa mtumbwi,
Oktoba kwa baiskeli, njia ileile;
alipozama Lechipya, mwaka uliofuata
ng'ombe wa babu walilala hapo wakicheua.
"Wewe andika yote. Au karatasi yenu ni ndogo?"

Karatasi yetu haina mwisho, shangazi.
Sikumwambia. Niliona haya.

Nikarudi. Maziwa. Mbuga. Mashamba ya Mpunga.
Chumvi, nikaongeza; hakuna aliyekuwa ameitaja.
Kwa yule wa Haubi, kwenye majadiliano:
Oktoba yako ni kweli. Pita tena Machi,
pikipiki uiache kwa watu.
Hajajibu. Pengine kwao umeme umekatika.

Zimebaki mia na themanini na tatu.
Nilikuwa nafunga nilipoiona nyingine,
imeanzishwa usiku huu na mtu asiye na jina,
mstari mmoja, bila nukta mwishoni:
Chikola ni mahali nilipozaliwa

Kanuni inasema ifutwe.
Nimeisogeza kwenye Mbegu, nikatia nukta,
kisha nikaitoa ile nukta.
Nje, mlinzi wa jirani anapiga miayo.
Mawingu yapo, ila ni yale ya Novemba,
ya kupita tu.