Rejista ya Mwaka Ule

Siku ya tatu ya mafunzo. Ukumbi wa shule, Katuba.
Joto la Oktoba limeketi nasi kwenye madawati ya watoto,
magoti yetu yanagonga mbao kwa chini.
Mkufunzi ametoka Kinshasa na mashine ya kumulika ukutani:
"Mwanafunzi atambue vipindi vya historia ya Dola."
Vipindi vitano, kila kimoja na rangi yake.
Tunanakili. Tumezoea kunakili.
Nusu yetu tunawaza kama posho itatoka leo
au wataisukuma tena hadi Ijumaa.

Dola nimeifundisha miaka ishirini na minane
kwa chaki niliyonunua mwenyewe.
Kuna asubuhi nilifuta jina la nchi ubaoni
nikaandika jingine kwa vumbi la lile la kwanza,
na Kabwe, yule mdogo wa dawati la mbele, akauliza:
"Mwalimu, ile ya jana ilikuwa ya uongo?"
Nikamwambia afungue daftari la hesabu.

Jana tuliagizwa kuleta kitu cha nyumbani
kinachoweza kutoa ushahidi.
Kapend ameleta kadi ya posho ya baba yake, ya mgodini:
unga, samaki wa chumvi, mafuta, tundu moja kila wiki.
Mama Chanda, picha ya harusi iliyopitiwa na mkasi.
"Hapa palikuwa na mtu," anasema, na kuirudisha mkobani.
Mimi, ufunguo wa nyumba ya kambi.
Nyumba iliuzwa, mlango ukabadilishwa, ufunguo ukabaki.

Umeme ukakatika. Vipindi vitano vikatoweka ukutani.
Ndipo mzee Musole, aliyenyamaza tangu Jumatatu,
akakunjua mfuko wa sementi, akatoa rejista:
Likasi, darasa la tano, mwaka wa tisini na mbili.

Akasoma kwa sauti ya asubuhi.
Namba moja, yuko. Namba mbili, yuko.
Namba tatu, hayuko.
Wino ni wa buluu hadi katikati ya Oktoba,
kisha mwekundu.
Nane, hayuko. Tisa, hayuko.
Kumi na moja, kumi na mbili, mtu na ndugu yake,
hayuko, hayuko.

"Walikuwa stesheni," akasema,
"wanalala juu ya magodoro yao, wanangoja treni.
Niliwaona kwa dirisha la darasa.
Na kila asubuhi niliita majina.
Nilijua wako wapi. Niliita."

Mkufunzi akaangalia ratiba.
Ratiba haikuwa na kipindi cha rangi hiyo.

"Sasa mtoto akiniuliza nani aliwafukuza,
nimwonyeshe nani? Mjomba wake?
Mimi, niliyeshika kalamu?"

Kiti kikalia nyuma. Ngalula, yule wa shule ya masista.
"Kumi na saba ni nani?"
"Mpoyi Kazadi."
"Ni kaka yangu. Hakufa.
Anatengeneza redio Mwene-Ditu. Ana watoto saba
na meno mabaya. Ila hiyo la tano
hakuimaliza popote."

Mtu akacheka, kisha akaona aibu.
Musole akatafuta kalamu mfukoni, akaipata,
mkono ukasimama juu ya kisanduku cha Oktoba
muda mrefu.
Aliandika nini, sikuona.

Mkufunzi akauliza, taratibu, kama mgeni anayeomba maji:
"Septemba walikuwa wangapi?"
"Arobaini na watatu."
"Na Desemba?"
"Kumi na tisa."
Akaziandika ubaoni, moja juu ya nyingine,
akapiga mstari chini
na hakutoa jibu.

Jikoni mama alikuwa anagonga sufuria,
bukari inapoa, waalimu njooni.
Hatukuinuka mara moja.
Nilikuwa namwaza Kabwe, mtu mzima sasa popote alipo,
na lile daftari la hesabu
nililomwamuru afungue ili anyamaze.

Posho ilitoka Ijumaa, pungufu.
Jumatatu nimeingia darasani na namba mbili na mstari.
Nimeacha nafasi chini yake.
Watoto wanahesabia vidole.