Maji ya Mgeni

Lori la maji huja Jumanne, likipenda.
Hapa Iztapalapa tunalijua kwa honi kabla mbwa hawajalijua;
tunashuka na ndoo, madumu, sufuria ya maharagwe,
na Bi Zenaida na beseni aliloogeshea wajukuu sita.
Jumanne hiyo nilipandisha lita themanini hadi ghorofa ya tatu.
Sikufua, sikupika.
Niliyamimina yote ndani ya kioo.

"Samaki wako wapi?" Zenaida, mlangoni.
Si samaki.
"Basi huyo asiye samaki yuko wapi?"
Hajaja. Hatakuja kwa wiki sita.
Akanitazama kama mtu aliyepika ubwabwa wa harusi
na bwana harusi hajazaliwa.

Yaretzi ana miaka tisa na daftari.
Ameandika: kokoto hapana, aksolotli atazimeza.
Mchanga uwe laini kama unga uliochekechwa mara mbili.
Tuliuosha juu ya paa, kati ya matangi meusi na shuka za watu:
maji ya kwanza tope, ya saba chai ya maziwa,
ya kumi na moja nikapoteza hesabu na mgongo.
Yote tuliyatunza kwa ajili ya choo.
Chungu kilichomeguka mdomo tukakilaza ubavu, chumba chake.
Taa kali hapana; hana kope za kufumba.
Chujio la sifongo, la pumzi ndogo ndogo,
maana mkazi wa ziwa hasukumwi na mto.

Kisha kazi ngumu kuliko zote: kulisha maji matupu.
Tone la amonia asubuhi, riziki ya wasioonekana,
bakteria, ambao lazima wahamie kwanza,
wafagie, wazoee, wazaane ndani ya sifongo,
ndipo mwenye nyumba aitwe.
Yaretzi anatikisa vichupa vya kupimia.
Kijani. Kijani.
Siku ya ishirini, zambarau kama jeraha la goti.
"Mama, yameharibika?"
Hayajaharibika. Yanajifunza.

Halafu joto. Aprili zege la hapa hupika watu.
Kipimajoto kinasema ishirini na tatu, yeye anataka kumi na saba.
Nikagandisha maji katika chupa za soda, nikazielesha kwa zamu;
kuku akakosa nafasi kwenye friza.

Usiku nilikaa mbele ya kioo kisicho na mtu
nikawaza: chini ya sakafu hii, chini ya reli,
palikuwa na ziwa. Lake yeye.
Tukalinyonya mpaka udongo ukazama, kuta zikapasuka,
na sasa tunapanga foleni tukiomba kikombe.
Kwa hiyo mimi sifugi. Narudisha.
Lita themanini; hata riba haifiki.

Jumanne ya tano lori halikuja. Alhamisi pia.
Nililitazama tangi kwa jicho la kiu, sitasema uongo.
Nilishika jagi.
Yaretzi alisimama na gauni lake la kulalia, kimya.
Nikalirudisha jagi kabatini.
Asubuhi tukapiga mswaki kwa soda ya ukwaju.

Siku ya arobaini na mbili: amonia njano, sifuri.
Nitriti buluu ya anga, sifuri.
Yaretzi akapima tena, hakuniamini, hakujiamini.
Kesho tunakwenda kwa mfugaji mwenye kibali,
na ndoo ya mfuniko na taulo lililolowa,
tumlete yule mwenye matamvua shingoni
kama shali ya sikukuu,
na tabasamu asilolijua.

Jioni Zenaida akapanda na kikombe kimoja cha maji,
kimejaa pomoni, ngazi zote hakumwaga tone.
"Cha mgeni," akasema, mkono tayari juu ya tangi.
"Subiri!" Yaretzi alishika kichupa chake cha dawa.
"Klorini kwanza itoke."
Basi wakaketi, bibi wa miaka sabini na moja na mtoto,
kikombe katikati ya meza,
hakuna aliyekigusa.