Njia Mbili za Kurudi

Ulianza tulipoipita Šiauliai,
mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka
katika nyumba ya jirani.
Nikikanyaga mafuta, unapanda.
Nikiachia, unashuka.
Ignas, miaka tisa, mkanda kifuani, soksi hazilingani,
akasema: "Baba, nyambizi inaibuka."

Simu yake ilishikwa na waya mweusi
uliokwenda kwenye redio ya Škoda hii kuukuu,
na waya mweupe uliokwenda kwenye chaja,
maana kwa mama yake hakuna anayekumbuka kuichaji.
(Nafuta hilo. Hata kwangu huondoka na asilimia nne.)

Alitaka nisikie kazi yake ya shule:
kisa cha korongo aliyechelewa kuhama,
amekisoma mwenyewe, amejirekodi.
Nikasikia korongo. Kisha mluzi. Kisha neno "barafu".
Kisha mluzi, na mkwaruzo
kila taa ya kukatia kona ilipopepesa.

Nilifanya yote wafanyayo wasiojua.
Nilipuliza tundu. Niligeuza waya huku na huku.
Niliipiga dashibodi kofi, na dashibodi haina kosa.
Pale kituo cha mafuta cha Plungė
nikanunua waya wa bei mbaya, ncha zake za dhahabu:
mluzi ule ule, sasa umevaa dhahabu.
Chaja nikiichomoa, kimya kinatua,
lakini simu itazimika kabla ya Kretinga
na korongo hajafika popote.

Nyuma ya kituo, Zenonas,
fundi aliyezeekea kwenye redio za matrekta,
alichora kwa penseli juu ya boksi la plagi.
"Redio inarudisha umeme wake kwenye bodi ya gari, hapa.
Chaja nayo inaurudisha kwenye bodi hiyo hiyo, kule.
Simu iko katikati, inavutwa mikono miwili.
Njia mbili za kurudi pamoja pale pale."
Zilimshinda fisi, nikasema moyoni.
"Kinacholia ni alteneta. Kelele yake imepata duara,
inazunguka humo kama mbwa aliyefungiwa uani.
Simu si mbovu. Redio si mbovu."

Nilimtazama Ignas, amekaa juu ya tairi, anakula tufaha.
Ijumaa hii kwangu, ijayo kwa Rasa.
Siku hizi mkoba wake haufunguliwi hadi chini.

Sikutaka fundi anione nikilengwa na machozi
kwa ajili ya waya.

Akavuta droo, akatoa kitu mfano wa kiberiti.
"Ndani mna koili mbili. Zinakaa karibu, hazigusani.
Sauti inavuka. Uchafu unabaki."
"Hazigusani kabisa?"
"Zikigusana, utarudi hapa."
Euro tisa. Nilimpa kumi,
akanihesabia moja mkononi kana kwamba ni mia.

Barabarani, nikakanyaga mafuta. Kimya.
Lori likatupita. Kimya.
"Nyambizi imezama," akasema Ignas, akasikitika kidogo,
kisha akaanzisha korongo upya.

Theluji ya kwanza. Paa la ghala. Ndege mmoja amesimama.
Sentensi ya tatu sauti yake ikajikwaa kwenye neno refu,
na hapo, nyuma yake, nikasikia kijiko kikiwekwa mezani,
na mtu akimnong'onezea neno lile
silabi baada ya silabi, bila haraka,
kama alivyonifundisha mimi majina ya uyoga
msituni, mwaka ule wa kwanza,
nami nikikosea makusudi ili arudie.

Kumbe alikuwemo safari nzima.

Ignas akageuka. "Niruke hapo, Baba?"

"Acha," nikasema.
Simu: asilimia kumi na moja, inapanda.
Bahari ilikuwa bado mbali.