Tiketi ya Siku Nzima

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili kasorobo.
Nimelipa siku nzima, kutoka umande hadi vumbi,
mishahara yangu miwili
kwa bibi mmoja asiyejua kusoma bei.
Karani akauliza: "Mgeni anatoka wapi?"
Bibi akanyoosha kidole juu ya bega la karani,
ndani kule, penye ukungu.

Jina lake Sukwaro, mzaliwa wa Ijumaa.
Kavaa sari mpya, na juu yake sweta yangu ya kazini;
chanjo za buluu zimempanda hadi kiwikoni.
Nyuma yetu Bwana Deshpande wa Pune na mkewe,
na lenzi nene kama mchi.
Wanataka chui-milia. Kila mtu anataka chui-milia.
Nami bakshishi yangu hutoka kwenye milia,
si kwenye majani.

Saa moja: swala madoa, kundi zima, hakuna aliyegeuza shingo.
Saa mbili: nyayo mbichi, kingo zake hazijabomoka.
Nikazima injini.
Msituni humsikilizi chui, unawasikiliza wanaomwogopa:
kima akikohoa juu ya mti, tausi akipasua ukelele,
halafu kimya,
kama darasa mwalimu anapoingia.
Ndipo Bibi akaninong'oneza kwa lugha ya kwetu:
"Hapa tulimwaga maji ya kuogeshea maharusi."
Hapa? Hapa ni njia panda ya magari.
"Hapa."

Walihamishwa mimi nikiwa tumboni.
Lori mbili, mabati ishirini, karatasi ya kutia dole gumba.
Wakaambiwa chui hawezi kukaa na ng'ombe wao.
Chui mwenyewe hakuulizwa.

Adhuhuri, kwenye banda la kupumzikia,
wageni wakafungua mayai ya kuchemsha na chapati.
Bibi akafungua kitambaa cha wali wa jana,
akadondosha tonge la kwanza chini, la wenyeji,
ndipo akala.
Mama Deshpande akasifu ule uwanda, majani hadi upeo wa macho,
kulungu wamezama hadi matumboni:
"Asili tupu! Mkono wa mtu haujagusa!"
Bibi akauliza kasemaje.
Nikatafsiri.
Akacheka hadi wali ukampalia.
"Mwambie pale baba mkwe alinichapa
kwa kupalilia mistari iliyopinda."
"Anasemaje?" akauliza mama wa watu.
Nikajibu: "Anasema ni pazuri."

Jua la alasiri lilitupiga kichwani kama deni.
Deshpande akasinzia, mdomo wazi, kamera kifuani.
Bibi akaomba kushuka, hatua tatu tu, aguse jiwe la kusagia.
Nikamwambia hairuhusiwi.
Mimi, mjukuu, nikamwambia hairuhusiwi.

Saa kumi na robo redio ikakoroma,
na magari kumi na manane yakakimbilia kisima kikuukuu.
Alikuwa amelala ukingoni, jike,
mkia ukining'inia ndani, akipepea masikio tu,
kama mama mwenye nyumba aliyechoka na wageni.
Lenzi zikatatarika. Mtu akalia.
Bibi hakumtazama.
Alitazama nyuma yake, mti wa mahua
aliouacha ukimfika kiunoni,
akasema polepole: "Umekua."
Sijui aliuambia mti.
Sijui aliniambia mimi, kwa kuwa mkono wake
ulikuwa kisogoni pangu.

Deshpande alinipa noti tatu, akanikumbatia.
Tulitoka jua likibakiza ukucha.
Langoni, nikimshusha Bibi, nikaona ndara moja mguuni,
mguu wa pili mtupu, una vumbi jekundu.
"Nyingine imeangukia wapi?"
"Nyumbani," akasema, akatangulia.

Kanuni ya saba: usiache kitu hifadhini;
kiongozi aandike kila kilichodondoka.
Daftari lilikuwa mapajani, kalamu sikioni.
Nikaandika: chui mmoja, jike, mwenye afya.
Nikapiga sahihi.