Chungu cha Ntusi

"Wachwezi wameondoka," walisema wachunga ng'ombe,
"wameacha mahandaki na majivu yenye joto."
Nyamwiza hakulia. Alikuwa na udongo mkononi,
na udongo haungoji msiba.

Mitungi ya kafara aliipaka nakshi nyekundu,
kama mama yake, kama nyanya yake.
Safari hii kidole kilisita.
Amchoree nani?

Akasokota majani, akayafunga mafundo,
akayaviringisha shingoni mwa chungu:
alama ndogo ndogo, kama nyayo za kware
baada ya mvua.

Mkwewe akauliza, "Hiki ni cha mungu yupi?"
"Cha maziwa," akasema, bila kugeuka.

Lakini usiku, kabla hakijakauka,
alibonyeza ndani, pasipoonekana,
jicho moja.