Kipimo Kinasoma Sifuri

Modeli yangu haijui kwamba Dhofari kuna mlima.
Imeikata dunia miraba miraba, kama kashata kwenye sinia,
kila mraba kilomita ishirini na tano,
na katika huu wetu imepiga wastani:
bahari kidogo, jabali kidogo, Salala nzima.
Jawabu lake ni mteremko mpole
ambao hakuna mbuzi aliyewahi kuupanda.

Juni kumi na tisa, saa kumi na moja alfajiri,
Sajivu anajaza puto gesi nyuma ya ofisi.
Dada yake kapiga simu toka Kottayam:
kwao barabara imekuwa mto, skuli zimefungwa.
Hapa nguo inakauka
kabla hujapata kibanio.

Puto likaenda.
Namba zikashuka kwenye kioo: ishirini na sita, ishirini na nne,
ishirini na mbili, halafu, mita mia nane,
thelathini na moja.
Joto limekaa juu, baridi chini.
Kawa limefunikwa.
Sasa mvuke wa bahari hauna pa kwenda
ila kujisukuma ubavuni mwa jabali,
na lini, ndilo swali ninalolipiwa mshahara.

Meneja wa hoteli ya Dahariz naye analiuliza.
Wageni wa Riyadhi wameshalipia manyunyu.
"Kati ya ishirini na moja na thelathini," nikamwambia,
"uwezekano sabini kwa mia."
Akanyamaza. Nikasikia lifti yake ikifunguka.
"Sabini kwa mia, Daktari,
ni Jumatatu au Jumanne?"

Mama yuko Maskati, analala na kiyoyozi,
lakini miezi bado anaihesabu kwa Ng'ambo.
"Muzna, kusi limeanza?"
Limeanza, mama. Limevuka ikweta, limeipita Lamu,
limepinda kulia Somalia kama dereva anayeijua njia,
limeichokonoa bahari yetu
mpaka maji baridi ya chini yakaja juu.
Yeye alitaka kujua tu
kama nimebeba sweta.

Tarehe ishirini na nne modeli ilisema: anga safi.
Nilipanda jabali saa sita mchana, taa za gari zinawaka,
nikifuata mstari mweupe wa barabara, mmoja mmoja.
Kipimo cha mvua: sifuri.
Kope zangu zinadondoka maji.
Daftari limevimba kama mkate uliosahauliwa chaini.
Kipimo: sifuri.
Manyunyu haya hayaanguki; yanapita, yakitafuta pa kushika.

Kipimo cha pili hakikuwa mahali pake.
Bakhit, kijana anayelinda vyombo, kakihamishia chini ya mtini,
kwa sababu ngamia wa baba yake walikigeuza pa kujikunia.
Nilimfokea kwa Kiarabu,
na hasira ilipozidi, kwa Kiswahili;
naye akanijibu kwa Kijibali, tukawa tumelipana.
Halafu nikachungulia ndani.
Milimita kumi na moja.
Juu yetu kila jani lilikuwa likikamua ukungu,
tone, likangoja, tone.

Nikaandika: hitilafu ya chombo.
Nikakata.

Tangu siku ile nafundisha mashine kuota miti.
Kwanza mlima, urefu wake halisi, pembe na makorongo,
kisha majani, upana wake, jinsi yanavyonyonya.
Salala ikapona.
Haima, huko jangwani kwenye visima vya mafuta,
ikajaa ukungu wa siku arubaini.
Sajivu alicheka hadi akakaa chini.
Nikafuta mistari mia mbili, nikateleka chai, nikaanza tena.

Bakhit hunitumia picha kila asubuhi:
vipimo viwili, na maneno machache.
Wazi, sifuri. Mtini, tisa.
Wazi, moja. Mtini, kumi na nne.
Jana ilikuja picha ya tatu, bila namba.
Ngamia jike kasimama chini ya mtini,
shingo juu,
ulimi nje.